Walii wa saa nne usiku

Mimi kwenye gemu ni mtu mzuri sana, mzuri mpaka nachosha. Mzee akipotelewa na pete yake mapangoni nitaacha vita vya kuokoa dunia niende nikamtafutie pete, mtoto akilia nasimama, jini akiniambia ana shida na mkewe nakaa namsikiliza mpaka mwisho, na kwenye zile gemu ambazo ukinywa dawa fulani waelewana na wanyama basi hata panya nitamuuliza habari za nyumbani. Rafiki yangu mmoja akiniona nashika pedi ya kuchezea gemu husema, "Haya, walii ashaingia, tuombeeni dua."

Huyo rafiki ntamuita Fundi manake ndo kazi yake, fundi wa simu hapa Kisauni, Mombasa. Nyuma ya kibanda chake kuna kompyuta aliyoiunga mwenyewe spea kwa spea kwa miaka miwili, leo ram, mwezi ujao kadi ya picha imetoka kwa mtu anayehama, na sisi watu wazima wenye akili zetu tukishaswali isha twakaa hapo na kahawa tungu na viazi vya karai tukiua madubwana. Mkewe alikuwa akiuliza zamani. Sa hivi haulizi tena, ashasalimu amri.

Fundi mchana ni mtu ambae sijapata kumuona mfano wake. Bibi akija na simu iliyotumbukia kwenye mchuzi wa nazi, ataifungua, ataisugua na mswaki, ataiweka feni, na akimaliza atasema "bibi hiyo wacha tu, utaniletea siku moja mahamri." Wateja wanamfokea hajibu. Nishamuona mtu amemtupia simu mezani na Fundi akasema samahani bosi, ile samahani yenyewe ya moyoni. Lakini mpe pedi usiku. Hakuna roho itakayobaki. Anaua muuza duka baada ya kununua, ili apate pesa zake na bidhaa za muuza duka zote mbili, anaua waliomuokoa, na akiambiwa na mhusika "tafadhali nina watoto" huuliza kwa sauti, mimi nikiwa pale, "wangapi?"

Kwa muda mrefu nikadhani tofauti yetu ni tabia. Yaani mimi nina roho nyepesi, yeye ana kitu kimemkaa ndani. Siku moja nikamuuliza, akanijibu bila kutoa macho kwenye skrini, "Mimi toka saa mbili asubuhi nasema samahani bosi. Hapa ndo mahali pekee siombi mtu samahani." Nikanyamaza. Jibu hilo lilikaa na mimi wiki nzima, manake lilinirudishia swali: kama yeye aja hapa kupumzika na wema wake wa mchana, mimi naja kupumzika na nini?

Lakini kabla sijafika huko, niseme kwamba mimi si wa ajabu, watu wengi ni kama mimi. Mass Effect, ile ya mambo ya angani, ina njia mbili, ya ustaarabu na ya ubabe, na mwaka 2020 jamaa mmoja aliyekuwa mtengenezaji pale BioWare, kampuni yenye gemu hiyo, aliandika kwamba kama asilimia 92 ya wachezaji walipita njia ya ustaarabu. Asilimia 92! Na walikuwa wameifanyia kazi kubwa njia ile nyingine. Sa hebu fikiria, watu mamilioni wamepewa ruhusa ya kuwa washenzi bila kushtakiwa na mtu, bila mama kujua, na karibu wote wakasema hapana asante.

Ukitaka kuamini binadamu ni wazuri, ushahidi ndo huo. Mimi niliuamini. Shida ni kwamba nimecheza gemu hizi zaidi ya miaka kumi na tano na najua wema wake unavyolipa.

Chukua Baldur's Gate ile ya kwanza kabisa ya 1998. Jina lako pale lina namba, juu kabisa ni 20. Ukiwa na jina zuri, maduka yanakupunguzia bei. Ukiwa na jina bovu, bei inapanda na askari wanaanza kukuandama. Na ukiharibu, usiwe na wasiwasi, waenda hekaluni watoa dhahabu kiasi fulani na jina linapanda tena, basi, umesafishika. Mimi nilikuwa nafanya hivyo huku najiona mcha Mungu. Ilikuwa biashara. Natoa sadaka leo ili kesho nipate upanga kwa bei rahisi, na kusema ukweli kuna watu nawajua hapa mjini wanacheza gemu hiyo hiyo bila kompyuta, lakini tuyaache hayo.

Ama chukua Baldur's Gate 3, iliyotoka Agosti 2023, ya wale Wabelgiji wa Larian. Mwanzo mwanzo kuna wakimbizi, watu wenye pembe na mikia, wamejificha mahali na wako karibu kufukuzwa, na kuna jeshi la majitu madogo mabaya lawatafuta. Waweza kuwalinda. Waweza pia kuwafungulia adui geti. Fundi alifungua geti, ndio, hamkuhitaji kuuliza. Alichopata ni nini? Usiku mmoja wa sherehe na mwanamke mkali anaeitwa Minthara. Alichopoteza: wenzake wawili walimuacha, wafanyabiashara wakafa na vitu vyao, na sura ya pili ya gemu ikawa kama soko la Kongowea siku ya Idi mosi asubuhi, vibanda viko lakini watu hakuna. Mimi niliewalinda nilikutana nao tena mbele, kila mmoja na kazi yake na zawadi yake. Fundi alikasirika kweli. "Ubaya hawajaupikia," alisema, "wameupasha moto tu." Ana haki. Mpaka Septemba 2024 ndo wakaongeza miisho mipya ya watu waovu, mwaka mzima na zaidi baadae. Mtu mbaya kwenye gemu ni kama mgeni aliekuja baada ya sahani kuondolewa.

Kwa hiyo zile asilimia 92 mimi sizisomi tena kama ushahidi wa roho nzuri. Wengi wetu twapenda kupewa vitu.

Na kitu kingine, ubaya wa kwenye gemu una alama. Uko wazi mno. Fable ya 2004 ukiwa mbaya waota pembe kichwani na nzi wanakuzunguka, ukiwa mzuri vipepeo na duara la nuru, yaani mtu akikuona toka ng'ambo ya feri ashajua. Kwingine maneno mabaya yameandikwa kwa rangi nyekundu, mazuri kwa buluu, uchague. Nani atachagua kuota pembe? Hata mwizi wa kweli akiambiwa ataota pembe ataacha.

Haya, sasa nieleze la kwangu, manake nishalizunguka vya kutosha.

Mimi nafanya kazi ya kliaringi, nakimbiza makaratasi ya watu wanaoingiza mizigo. Si kazi kubwa, mimi ni klaki tu. Mwaka fulani, sitasema upi, kulikuwa na mama mmoja aliekuwa ameleta vyerehani vya mitumba, ni mama wa makamo, anaongea taratibu, na kila akija ofisini ananiita "mwanangu". Karatasi zake zilikuwa kwangu Alhamisi. Ilibaki kuzipeleka tu. Mimi nikaziweka chini ya faili jingine, nikapigiwa simu, nikatoka, Ijumaa nikaenda msikitini sikurudi, na Jumatatu nikazikuta pale pale zinanitazama. Siku hizo zote mzigo unahesabiwa malipo ya kukaa. Mama akaja Jumatatu saa nne. Nikamwambia, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, "Mama, sistimu ilikuwa chini."

Wallahi hakuniuliza mara ya pili. Akasema haya mwanangu, mitambo hii, ndo dunia ya sasa. Akaenda akalipa shilingi 7,000 na kitu ambazo hazikuwa zake kulipa. Na alipotoka akanitia 200 mkononi, "chukua ya soda, umehangaika."

Nikachukua.

Usiku huo, na hapa msicheke, usiku huo huo ndo niliwalinda wale wakimbizi wenye pembe. Saa nne usiku nimesimama juu ya geti, nimekufa mara tatu, narudia, Fundi ananiambia wachana nao hawa twende kulala, nami namwambia hapana, siwezi kuwaacha hawa watu. Nakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu niliyasema kwa uchungu. Nilikuwa na ile 200 mfukoni bado. Hata soda sikununua.

Pale chini ya faili hakukua na maandishi mekundu. Hakuna kilichoniuliza "(Danganya) Sistimu ilikuwa chini" nikabonyeza. Ulimi ulitoka wenyewe, na ulitoka na adabu zote, mama shikamoo, mama kaa, mama sistimu.

Kuna historia moja ya hizi gemu naipenda. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons 1974, ile ya kukaa mezani na karatasi na dadu ambayo gemu zote hizi zimetoka tumboni mwake, hakukua na wema na ubaya. Kulikuwa na pande tatu tu: utaratibu, vurugu, na katikati. Wema na ubaya vilikuja kuongezwa, na kitabu cha wachezaji cha 1978 kikawa na makundi tisa, manake wamevipiga vyote pamoja, ukawa waweza kuwa mwema wa vurugu, yaani muhuni mwenye roho safi, na pia waweza kuwa mbaya wa utaratibu. Huyo wa mwisho nilikuwa simwelewi nikiwa kijana. Nilikuwa nikimfikiria mfalme dhalimu kwenye kiti cha enzi. Sa hivi naelewa kwamba anaweza kuwa na meza ndogo, stepla, mhuri wa wino wa zambarau na kila karatasi iko sawa.

Na gemu iliyonipiga zaidi sikuicheza ilipotoka, nilikuwa sijazaliwa. Ultima IV, 1985, ya Richard Garriott. Huyu aliona wachezaji wa gemu zake za nyuma wanaiba na kuua wanavyotaka alimradi washinde, akasema basi, akatengeneza gemu isiyo na dubwana kubwa la kuuliwa mwishoni. Kazi yako ni kuwa mtu mwema, fadhila nane, ukweli, huruma, ushujaa na nyinginezo. Na mle ndani kuna wauzaji wa dawa za uganga ambao hawaoni. Wanakutajia bei halafu wanakuambia weka pesa mwenyewe. Waweza kuweka kidogo. Wakushukuru. Hakuna kengele, hakuna nzi, hakuna pembe, waondoka na mzigo wako na maisha yanaendelea, na mbele sana huko, masaa mengi baadae, waenda kwa mzee mmoja kwenye kasri kumuuliza ukweli wangu umefika wapi ndo wajua kwamba kuna aliekuwa akihesabu. Niliicheza kwenye simu, picha zake ni vibokisi vibokisi tu, na nilipofika kwa muuzaji wa kwanza asieona nikaweka bei kamili mpaka peni ya mwisho. Halafu nikaizima, nikaenda kukaa nje kidogo.

Fundi nilimwambia habari za mama wa vyerehani miezi baadae. Nilitarajia atanitania. Hakunitania, akasema kitu kingine. Akasema ubaya wake yeye wa kwenye gemu haumsumbui isipokua mara moja. Ni Undertale, ya Toby Fox, 2015, gemu ndogo haihitaji kompyuta kali, mtoto ameanguka chini ya ardhi kwa mazimwi wacheshi, na waweza kuimaliza bila kuua hata mmoja ama waweza kuua wote mpaka ardhi ibaki tupu. Fundi akaua wote bila shaka. Ila kuna mifupa mmoja anaitwa Papyrus, mjinga mjinga, mwenye majivuno, na ukija kwake umeshamwaga damu ya kila mtu yeye anafungua mikono. Anataka kukukumbatia. Anakwambia anaamini waweza kuwa mtu mzuri. Hapigani. Na ukimpiga, kichwa chake kikianguka, bado asema anaamini.

"Hapo niliweka chini," Fundi alisema, "nikaenda nikanywa maji."

"Kisha?"

"Kisha nikarudi nikaendelea."

Nafikiri hapo ndo tofauti ilipo. Ukimuua mtu anaepigana ni vita tu, hata mimi walii nimeua maelfu, wale majitu madogo nilikuwa naua kama nzi wala sikuwahi kuuliza wana watoto wangapi. Kinachouma ni mtu aliekuamini. Sisi wa pwani hii tumelelewa na hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa aliekuwa hafi kwa mshale wala mkuki, na alikufa kwa sindano ya shaba kitovuni, amelala, mkononi mwa mwanawe, na mwana mwenyewe alikuwa ameahidiwa mke na huyo mke hakumpata. Watu wangapi wamekufa katika hadithi hiyo sijui, hakuna anaewakumbuka. Sindano kila mtu aikumbuka.

The Witcher 3 ya Wapolandi, 2015, imekaribia sana jambo hili kwa njia nyingine, kuna roho imefungwa ndani ya mti kilimani, ukiifungua watoto mayatima wataokoka na kijiji kizima kitaangamia na mke wa mtu fulani naye, ukiiua kinyume chake, na hakuna rangi hata moja ya kukusaidia. Nilikaa pale dakika 20 nimeshika pedi. Lakini hata hiyo ni shida ya watu wakubwa, kuchagua kati ya misiba. Mimi nataka gemu yenye faili la Alhamisi.

Sasa laptopu. Ile laptopu yangu ya zamani niliiuziwa na Fundi, na ndani aliniachia gemu kadhaa, Undertale ikiwemo. Baada ya mazungumzo yale nikasema ntaicheza mimi, kwa njia yangu, nimsafishie. Siku nne. Sikuua hata chura. Papyrus nilienda naye mpaka kwenye miadi ya chakula, nikacheka peke yangu usiku, nikawafanya wote marafiki, na mwisho wote wanatoka juu wanaona jua linatua, na yule mama zimwi ananiuliza nina kwa kwenda ama nitakaa naye. Nikasema nina kwa kwenda. Kisha ikaja picha, ya ukumbusho, mimi katikati na wale marafiki zangu wote. Na nyuso zao zote zimepigwa alama nyekundu ya X, na mtoto aliesimama katikati sie yule niliekuwa nikicheza naye.

Nilidhani ni kirusi.

Kumbe ukishaua wote kwenye gemu ile unabaki na giza na sauti ya upepo, na ukingoja kama dakika kumi anakuja mtu kukuuliza, wataka dunia irudi? Nipe roho yako. Fundi alingoja. Fundi akauza. Na mkataba huo haumo kwenye safari uliyokuwa ukicheza, umeandikwa mahali pengine ndani ya mashine, kwa hiyo yeyote atakaeicheza laptopu hiyo baadae akimaliza kwa wema mtupu bado atatolewa picha ile.

Nikaenda kibandani asubuhi mapema na laptopu kwapani. Alikuwa anachomelea simu ya mtu. Nikamfungulia picha. Alicheka mpaka akaweka risasi ya kuchomelea chini, akajifuta macho, akasema, "Wallahi nilisahau kukwambia." Halafu akauliza, "Ulichagua kwenda ama kukaa?"

"Kwenda."

"Afadhali. Ungekaa ungeona kingine."

Akanionyesha faili lenyewe liliko, ukilifuta gemu inasahau, kazi ya dakika moja. Kidole kikaja juu ya batani nikamwambia ngoja kwanza. Mpaka leo sijalifuta. Sio kwa sababu yoyote ya maana, kila nikifungua nasema ntafuta kesho.

Wiki iliopita simu ikalia nikiwa kwenye foleni ya matatu pale Buxton. Mama wa vyerehani. Nimemuandika hivyo hivyo kwenye simu. Amesema ana mzigo mwingine waja mwisho wa mwezi, kuna watu wamemtajia maajenti wengine wa bei rahisi lakini yeye hawataki. "Nataka wewe, mwanangu. We ni mtu wa kuaminika."

Nikamwambia alete karatasi Jumatatu.